Dini Yetu na Bunduki: Jawabu kwa Masuala Matatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuufuata uongofu wao mpaka siku ya malipo.

Amma baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya hapa Dabaso, baina ya Magharibi na Isha, yamekuwa yakiletwa mbele yetu masuala matatu. Kila tukiyajibu kwa mdomo huzuka tena baada ya siku chache, mara kwa mzee anayerudi msikitini kutoka dukani kwake, mara kwa kijana aliyeyaona maneno fulani katika simu yake. Kwa hivyo tumeonelea yafaa tuyaandike, ili mwenye kusoma amsomee asiyesoma, na aliye na jawabu bora kuliko letu atuletee nasi tutamshukuru.

Suala la kwanza: Je, wale waliowaua watu Westgate na Garissa na kwengineko, walifanya hayo kwa amri ya dini yetu?

Suala la pili: Baada ya mauaji kama hayo, wako wasemao kuwa raia wapewe bunduki wajilinde, na wako wasemao kuwa bunduki zizuiwe kabisa. Sharia yasemaje?

Suala la tatu: Mzazi akiona mwanawe ameanza kuvutwa na watu hao, amfiche au aseme? Na aseme kwa nani, ilhali serikali yenyewe mara nyingi hututazama sote kwa jicho la shaka?

Kabla ya kujibu, yatupasa tukumbushane yaliyotokea, kwani walio vijana leo walikuwa watoto wadogo siku hizo, na mengi waliyoyasikia yamechanganywa na uongo.

YALIYOTOKEA

Tarehe 7 Agosti 1998 ulilipuliwa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, wakafa watu 213, na wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa katika shughuli zao. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala, katika hii hii ardhi yetu ya Kilifi, ililipuliwa. Walikufa Waisraeli 3 na Wakenya 10, na miongoni mwa hao Wakenya walikuwamo wachezaji wa ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni mlangoni. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni, jirani zetu wa Lamu, wakauawa watu zaidi ya 60 katika siku mbili. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera, wakateremshwa wasiokuwa Waislamu na kuuawa watu 28. Na tarehe 2 Aprili 2015, wakati wa alfajiri, walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Januari 2019 wakavamia hoteli na maofisi ya Dusit, Nairobi, wakafa watu 21.

Jambo lililotuumiza sana katika khabari hizi ni namna walivyowachagua wa kuua. Walionusurika Westgate walieleza kuwa kuna walioulizwa jina la mama yake Mtume, au wakatakiwa kusoma kitu katika dini. Mwenye kujibu akaachwa, na asiyejua akapigwa risasi. Garissa pia waliwatenga Wakristo na Waislamu. Jina la Bi Amina, ambalo watoto wetu hulisikia katika maulidi tangu wakingali migongoni mwa mama zao, likafanywa kipimo cha nani afe na nani aishi.

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Twasema: La hasha! Dini haikuamrisha hayo, na dalili zake ni wazi.

Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa kuiua nafsi moja pasi na haki ni mfano wa kuwaua watu wote. Aya haikusema nafsi ya Muislamu peke yake. Na katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, ametueleza kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abdullahi bin Amr, ameonya kuwa mwenye kumuua mtu asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi ya amani hataipata hata harufu ya Pepo. Basi mwanafunzi wa Garissa alikuwa amempiga vita nani? Na yule mcheza ngoma wa Kikambala alimtoa nani nyumbani kwake?

Ama huko kuwatahini watu kwa bunduki, natukumbuke kisa cha Usama bin Zaid. Alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kuitamka shahada. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) akajitetea kuwa mtu yule alisema kwa kuiogopa silaha tu. Mtume akamkaripia, akamuuliza kama aliupasua moyo wake akayaona yaliyomo, na akamkariria maneno hayo mpaka Usama akatamani lau angalikuwa amesilimu siku ile ile. Na huyo alikuwa sahaba, kipenzi cha Mtume, naye yumo vitani na mtu aliyekuwa akipigana. Itakuwaje hali ya mtu aingiaye dukani kumuuliza mama aliyechukua kikapu cha mboga kama aijua sura fulani?

Lakini hapa, ndugu zetu, hatuna budi kusema neno ambalo huenda wengine lisiwapendeze. Kila yanapotokea maovu haya, sisi masheikh hukimbilia kusema, "Hao si Waislamu," kisha tukafunga mlango tukalala. Neno hili lina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuwa huko kumtoa mtu katika Uislamu kwa dhambi yake ndiko hasa walikopotelea wao. Wao huwatoa Waislamu wenziwao katika dini ili wahalalishe damu zao. Nasi tukiwatoa wao kwa wepesi uo huo, tumeishika njia yao tusijue. Wakati wa Sayyidna Ali walitokea Makhawariji. Walikuwa watu wa kusali sana na kusoma Qurani sana. Wanahistoria wameandika kuwa walimuua Abdullahi bin Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mke wake mja mzito, na hali watu hao hao walikuwa wakiogopa kula tende moja iliyoanguka mtini pasi na kuilipia. Mwisho wake mmoja wao akamuua Sayyidna Ali mwenyewe, mwaka wa 40 Hijria. Pamoja na hayo yote, imepokewa kuwa Sayyidna Ali alipoulizwa kama wao ni makafiri, alijibu kuwa ukafiri ndio walioukimbia. Aliwapiga vita kwa sababu ya damu walizomwaga, na hakuwatoa katika dini.

Kosa la pili ni kuwa neno hilo hutuondolea dhima tusiyopasa kuondolewa. Ikiwa mtu si katika sisi, haituhusu alikosoma wala nani alimsomesha. Ama tukikiri kuwa ni katika vijana wetu, wametoka katika vyuo vyetu na misikiti yetu, hapo yatulazimu tuulize: walipokuja na masuala yao, tuliwajibu nini?

Kupindukia mipaka katika dini ni maradhi ya zamani, wala si ya umma wetu pekee. Mtume (s.a.w.) alituhadharisha nayo, akaeleza kuwa ndiyo yaliyowaangamiza walio kabla yetu. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali na Malindi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wafuasi wa mhubiri mmoja wa Kikristo. Waliofika huko wakiwa hai walisimulia kuwa watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili waende kwa Mola wao. Mhubiri huyo alikanusha mashtaka, na kesi ni ya mahakama. Sisi hatuyataji haya kwa kushangilia msiba wa jirani, kwani waliokufa walikuwa wana wa Adamu na wengine watoto wasio na hatia. Twayataja ili tujue kuwa mtu akimkabidhi mwenziwe akili yake yote, akaacha kuuliza dalili, huweza kuuawa au kuua, awe msikitini au kanisani. Na sisi hatukuwanasibisha Wakristo wote na Shakahola. Basi twastahiki kipimo hicho hicho, nasi tuwapimie wengine kwacho.

Wako vijana wasemao: "Lakini majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na Waislamu wa huko wanakufa. Na hapa pwani ardhi yetu imechukuliwa. Je, tukae kimya?" Jawabu yetu ni kuwa dhulma ni dhulma, na kuisema ni wajibu. Mwenye kuona kuwa kupeleka majeshi ni makosa, na aseme, na aandike, na apige kura. Lakini katika Suratul Anaam, aya ya 164, tumefunzwa kuwa hakuna mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu. Mwanafunzi aliyelala bwenini Garissa hakupeleka jeshi mahali popote. Na ardhi ya pwani haikurudi hata shibiri moja kwa damu ya Mpeketoni. Kilichotufikia sisi ni kuwa wageni walipungua, hoteli nyingi za pwani zikafunga, na vijana wa Watamu na Malindi waliokuwa wakila kwa jasho lao wakakaa vibarazani.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Baada ya Westgate, mkuu wa polisi wa kimataifa wa wakati huo, Ronald Noble, alilitia swali mbele ya ulimwengu: je, si bora raia wawe na silaha, kwa kuwa haiwezekani kuyazungushia ulinzi maduka yote na masoko yote? Na waliomuunga mkono walikuwa na hoja. Siku ile ile ya Westgate, kabla ya askari kujipanga, waliingia ndani raia wenye bastola za leseni wakawaokoa watu wengi. Mmoja wao alikuwa Muislamu, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Aliingia kumtafuta ndugu yake, akakaa kuwatoa watu asiowajua, wala hakumuuliza mtu dini yake. Hili ni jambo la kushukuriwa, na ni jawabu tosha kwa kila asemaye kuwa Waislamu wote walikuwa upande wa wauaji.

Lakini je, yafuata kutokana na hayo kuwa kila mtu awe na bunduki? Natuitazame sharia.

Sharia imempa mtu haki ya kujitetea. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mwenye kuuawa akiitetea mali yake hufa shahidi. Haki hii hatuikanushi. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo aliweka adabu za silaha, na adabu zenyewe ni kama sharia za silaha tuzionazo leo. Kwanza, aliamrisha kuwa mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike kwa ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Pili, alikataza watu wasipeane upanga ulio wazi, mpaka utiwe alani. Tatu, alieleza kuwa Malaika humlaani mwenye kumwelekezea nduguye chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata kama afanya mzaha. Na wanachuoni wamechukia kuuza silaha wakati wa fitna, kwa khofu ya kumsaidia mtu katika uovu.

Ndugu msomaji, angalia mafundisho haya. Mshale mmoja humjeruhi mtu mmoja, na juu ya hivyo Mtume aliweka mpaka wa kuuchukua mbele za watu. Bunduki hutoa risasi kwa makumi kwa kufumba na kufumbua. Basi mpaka wake wastahiki kuwa mkali zaidi. Na katika misingi ya fikihi yetu mna kuziba njia zipelekazo katika madhara, na mna kutanguliza kuondoa ufisadi kabla ya kuleta manufaa. Kiongozi akiweka sharia ya kuhifadhi roho za watu, kumtii katika hilo ni wajibu, hata kama yeye si Muislamu, maana amri hiyo haimo katika maasia.

Sharia ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, yatoka zama za Mwingereza, miaka ya 1950, na imebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Hukmu yake ni kuwa hakuna raia mwenye haki ya kuwa na bunduki kwa kutaka tu. Ni lazima apate cheti, awe na sababu ya kweli, na isikhofiwe kuwa atahatarisha amani ya watu. Mwishoni mwa mwaka wa 2018 serikali iliamrisha wote wenye leseni wachunguzwe upya. Sisi twaona hayo ni sawa, na hatuoni ndani yake jambo linalopingana na dini yetu.

Na tuupime mfano wa nchi nyengine. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja aliingia misikiti miwili katika mji wa Christchurch, New Zealand, akawaua Waislamu 51. Alidai kuwa aitetea rangi yake na mila yake. Bunduki zake alizinunua kwa leseni halali. Haukupita mwezi mmoja, bunge la nchi hiyo likapitisha sharia ya kuziharamisha nyingi katika bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, kwa kura 119 dhidi ya 1, na serikali ikazinunua kutoka kwa wenyewe. Kule kasoro ilikuwa katika sharia yenyewe, wakaitengeneza sharia.

Ama hapa kwetu kasoro ni nyengine. Wale waliovamia Westgate na Garissa hawakwenda kuomba cheti ofisini. Silaha haramu huvuka mipaka ya nchi kavu na bahari, na huvuka mara nyingi kwa kuwa kuna mlinzi aliyefumba macho baada ya kutiwa kitu mkononi. Mwaka wa 2016 serikali ilizichoma moto hadharani silaha haramu zaidi ya 5,000, na hiyo ni kazi njema. Lakini maadamu rushwa ipo, nyengine zitaingia. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mla rushwa. Basi yule achukuaye shilingi elfu akaruhusu gari kupita bila ya kutazamwa ni mshirika katika damu, hata kama hakuiona bunduki kwa macho yake. Na yule wa pwani anayeficha silaha ya mtu chomboni mwake au ghalani mwake, kwa ujira au kwa ujamaa, na afahamu kuwa chumo hilo ni haramu tupu.

Kuna na jambo jengine tulijualo sisi wa Kilifi zaidi ya wengine. Katika wilaya zetu hizi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi undani wake ni tamaa ya shamba. Magomvi ya mirathi na mipaka ya mashamba hayatwishi. Wauaji hao hutumia panga na rungu. Je, mtu apendaye watu wake angetaka kila nyumba yenye ugomvi wa minazi iwe na bunduki juu ya kabati? Wale watu wa Westgate walinufaisha kwa kuwa walikuwa wachache, wamefunzwa, na wamechunguzwa. Ukizigawa bunduki kwa wote, hutampata Abdul Haji katika kila nyumba. Utawapata pia walevi, wenye hasira, na mtoto wa miaka saba aliyefungua mtoto wa meza.

Kwa hivyo jawabu yetu ni hii: kujitetea ni haki, kumiliki silaha ni rukhsa yenye masharti, na mwenye kuyaweka masharti ni mwenye dhamana ya watu wote, kuficha, kuuza au kuvusha silaha bila ya idhini ni haramu, na ulinzi wa masoko, madarasa na misikiti ni deni lililo juu ya serikali, wala haifai kulitupa juu ya raia.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Hili ndilo suala zito, kwani hapa twasema juu ya watoto wetu.

Hatutaificha kweli: serikali nayo imekosa. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa mpira wa Kasarani. Pwani wako masheikh waliouawa kwa risasi barabarani, na vijana waliochukuliwa usiku wasionekane tena. Jamaa zao wana haki ya kuuliza, na kuuliza kwao si ugaidi. Mtu akituhumiwa, mahali pake ni mbele ya kadhi au hakimu, na ushahidi wake usikike. Kumuua mtu pasi na hukumu ni haramu kwa mwenye sare kama ilivyo haramu kwa asiye na sare.

Lakini wasidanganyike vijana wakadhani kuwa hakuna njia illa bunduki. Disemba 2014 ilipitishwa sharia mpya ya usalama, ikapingwa mahakamani, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavitangua vifungu vinane vyake kuwa vyapingana na Katiba. Baada ya Garissa, jumuiya mbili za haki za binadamu za hapa pwani, Haki Africa na Muhuri, zilifungiwa hesabu zao za benki kwa tuhuma za ugaidi. Zikaenda kortini, na mwaka uo huo zikapata haki yao. Haya yalipatikana kwa karamu na subira.

Tena tusisahau kuwa wauaji hao hawakuwaacha hata masheikh. Tarehe 10 Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi Likoni akienda kusali Alfajiri. Alikuwa akikataza waziwazi vijana wasipotezwe. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa mzazi afanye nini? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumnusuru ndugu yetu, awe ni mwenye kudhulumu au ni mwenye kudhulumiwa. Sahaba walipouliza vipi watamnusuru mwenye kudhulumu, akawajibu kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Basi kumzuia mwanao asiue ni kumnusuru yeye kabla ya kumnusuru mwengine. Ukimficha mpaka akaenda, hukumhifadhi. Umempoteza duniani na umemwachia mzigo wa Akhera.

Na sisi hapa twakiri kosa letu. Miaka iliyopita alikuwapo kijana mmoja katika darsa yetu, mpole, hodari wa kuhifadhi. Usiku mmoja aliuliza juu ya jihadi, na je, ni wajibu kwa kijana wa Dabaso kwenda Somalia. Sisi tulikhofu. Tulikhofu masikio yaliyokuwa barazani, tukakhofu jina la msikiti. Tukamwambia kwa ukali kuwa suala hilo halina mahali hapa, tukafungua kitabu tukaendelea na mlango wa udhu. Hakujibu kitu. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Alikwenda kuliuliza kwa watu wengine, nao hawakuogopa kumjibu. Mama yake hata leo, akituona njiani, hutuamkia kwa adabu na kuuliza kama tumepata khabari. Hatuna la kumwambia. Lau tungalimpa saa moja ya usiku ule, tukamfungulia Suratul Maida na Suratul Mumtahina, tukamweleza jihadi ina masharti gani na nani mwenye kuitangaza, huenda angalikuwa leo ndiye anayewasomesha wadogo. Elimu ya Mwenyezi Mungu ndiyo iliyotangulia, lakini kwetu sisi hiyo si udhuru.

Kwa sababu hiyo twawausia ndugu zetu mambo haya:

Kwanza, walimu wasilinyamazishe suala lolote la kijana. Suala lililofukuzwa msikitini halifi; hutafuta mwalimu mwengine. Asiyejua na aseme hajui, kisha akaulize.

Pili, wazazi wakae na watoto wao. Ukiona mtoto ameanza kuwaita jamaa zake makafiri, amekata urafiki wa zamani, na ana safari zisizoelezeka, usingoje. Mwendee imamu na wazee, mzungumze naye kwa upole.

Tatu, ikidhihiri kuwa kuna khatari ya roho za watu, kutoa khabari ni wajibu, kwani roho ya mtu ina daraja kubwa kuliko sitara. Usiende peke yako. Nenda na mzee, na imamu, na ikiwezekana mwanasheria, ili ijulikane mtoto amepelekwa na nani, lini na wapi, asije akapotea njiani.

Nne, mtu asimsingizie jirani yake kwa ugomvi wa shamba au wa mke. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuitenda, na katika aya ya 12 tumekatazwa dhana mbaya. Kumwita mtu gaidi bila ya hakika ni kumweka shingo yake katika kitanzi.

Tano, tuishi na jirani zetu kwa wema ulio dhahiri. Tarehe 21 Disemba 2015 basi jengine lilisimamishwa Mandera, na wenye bunduki wakataka tena Waislamu wajitenge. Mara hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenziwao wa Kikristo mitandio wajifunike, na watu wakawaambia wale wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Huyo alikuwa mwalimu wa skuli tu, wala hakuwa mwanachuoni mkubwa. Lakini aliyafahamu maneno ya Mwenyezi Mungu kuliko wengi wenye vilemba.

Ndugu zetu wa Dabaso, na Gede, na Watamu, na Malindi: hapa petu ni mahali pa Uislamu wa kale. Msikiti mkuu wa Gede, ambao magofu yake yamo katika msitu jirani nasi, ulijengwa kabla hajafika Mreno yeyote katika pwani hii. Dini ilikaa hapa kwa karne nyingi baina ya Waswahili na Wamijikenda kwa biashara, kwa ndoa, kwa kusomesha na kwa tabia njema. Tangu zamani za Mtume, Waislamu wa kwanza waliokimbia dhulma ya Makka walipokewa upande huu huu wa Afrika na mfalme wa Kihabeshi aliyekuwa Mkristo, naye aliwahifadhi. Wema huo tungali twadaiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa pasi na haki, awape subira waliofiwa, awarudishe vijana wetu waliopotea kwa mama zao, na atusamehe sisi tulionyamaza pale tulipopaswa kusema. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.